Kijiti Juu ya Gari: Historia Fupi ya Antena ya Simu ya Upepo, kutoka kwa Marconi hadi Goma

Utangulizi

Kabla simu ya mkononi haijazoeleka, Kiswahili kilikuwa kimeshakipa jina chombo kilichowawezesha polisi, askari wa wanyamapori na madereva wa misaada kuzungumza wakiwa mbalimbali bila waya: simu ya upepo. Upande wa Kongo ya mashariki chombo hicho kikubwa cha ofisini na cha garini huitwa foni, na kile kidogo cha mkononi huitwa motorola, jina la kampuni likiwa limegeuka jina la kitu. Majina yote matatu ni mazuri, lakini hakuna hata moja linalotaja antena. Upepo hauhitaji kijiti ili uvume. Simu ya upepo bila kijiti chake ni bubu na kiziwi kwa wakati mmoja.

Vitabu vya historia ya mawasiliano vina upungufu huohuo. Husimulia kisanduku: nani alikibuni, kilipungua vipi ukubwa, kiliuzwa kwa nani. Insha hii inageuza macho na kutazama kijiti kinachosimama juu ya gari linalopita njia mbovu. Ninatoa hoja mbili. Kwanza, tangu mwanzo wa karne ya 20, kilichoamua nani atasikika, na umbali gani, kimekuwa zaidi antena na mahali ilipofungwa kuliko redio yenyewe. Pili, tofauti kati ya redio ya matangazo na redio ya kuitana si ya kifundi tu. Moja husema, nyingine huitikia, na katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu tofauti hiyo imegusa uhai wa watu. Wahenga walisema, usikatae wito, kataa neno. Lakini kabla mtu hajalikataa au kulikubali neno, sharti wito umfikie, na jibu lake nalo lifike.

Urefu wa wimbi, urefu wa kijiti

Historia hii haieleweki bila hesabu moja ndogo. Ukichukua 300 ukaigawa kwa masafa yaliyopimwa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Antena rahisi kuliko zote za gari hupaswa kuwa na takriban robo ya urefu huo. Redio ya VHF inayotumia megahezi 150 ina wimbi la mita 2, kwa hiyo kijiti cha nusu mita kinaitosha. Redio ya HF inayotumia megahezi 5 ina wimbi la mita 60, na robo yake ni mita 15. Hakuna gari linaloweza kutembea na mlingoti wa mita 15 chini ya matawi ya miembe.

Jambo la pili ni kwamba kijiti hakifanyi kazi peke yake. Antena ya robo wimbi ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake, yaani bodi ya gari, ambalo hufanya kazi kama kioo. Fundi anayefunga antena juu ya gari anaunganisha gari zima liwe sehemu ya antena. Ndiyo maana swali la mahali pa kuifunga halikuwahi kuwa swali la urembo.

Mvuke, polisi na paa la chuma

Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alifunga mitambo yake kwenye gari la mvuke la Thornycroft huko Uingereza. Juu ya paa liliwekwa silinda refu la chuma lililosimamishwa wakati wa kuwasiliana na kulazwa gari lilipokuwa likitembea. Tatizo ambalo madereva wa porini wangelijua vizuri baadaye lilikuwapo tangu siku hiyo ya kwanza: antena inayofaa kwa mawimbi haifai kwa barabara.

Polisi wa Detroit, Marekani, walifanikiwa mwaka 1928 kupeleka ujumbe kwa redio katika magari ya doria. Lakini mawasiliano yao yalikuwa ya upande mmoja. Makao makuu yalisema, gari likasikia. Polisi aliyetaka kujibu alilazimika kusimama na kutafuta simu ya waya. Ilipofika mwaka 1933, polisi wa Bayonne katika jimbo la New Jersey walianza kutumia redio zilizoweza kusema na kusikia zikiwa ndani ya gari. Miaka hiyo mitano ina uzito kuliko inavyoonekana. Kabla ya Bayonne, gari lilikuwa sikio la makao makuu. Baada ya Bayonne, aliye barabarani aliweza kusema, "Hapana, hali si hiyo, mimi niko hapa naiona."

Wakati huohuo paa la gari lilikuwa likibadilika. Magari mengi ya mwanzo wa miaka ya 1930 yalikuwa na paa la mbao na kitambaa, na mafundi waliweza kuficha nyavu za waya ndani yake ziwe antena. Katikati ya muongo huo viwanda vilianza kutoa mapaa ya chuma kitupu. Chuma huzuia mawimbi, kwa hiyo antena ilifukuzwa ndani ya gari; ikajaribiwa chini ya ubao wa kukanyagia, kisha ikaishia nje, wima, kama tunavyoijua. Paa lililoonekana kuwa adui likageuka kuwa kile kioo nilichokitaja. Jina Motorola lilizaliwa katika kipindi hicho: kampuni ya Galvin ya Chicago ililitumia kwa redio yake ya garini mwaka 1930. Basi anayesema motorola leo kule Bukavu anataja, bila kujua, historia ya gari.

Hatua nyingine ilikuwa mwaka 1940, pale polisi wa jimbo la Connecticut walipofungiwa redio za FM zilizosanifiwa na mwalimu wa chuo kikuu, Daniel Noble, kwa kutumia uvumbuzi wa Edwin Armstrong. FM iliondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo iliyosababishwa na plagi za injini, na kwa kuwa ilitumia masafa ya juu zaidi, ilipunguza urefu wa kijiti.

Jangwa, alumini na mbuga

Magari ya njia mbovu hasa yaliingia katika historia hii wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1940, nchini Misri, Ralph Bagnold aliunda kikosi cha Waingereza cha masafa marefu jangwani, kilichosafiri kwa malori mamia ya kilometa nyuma ya adui. Redio zao zilikuwa dhaifu kwa nguvu, lakini zilifika mbali kwa sababu waendeshaji walisimama, wakatandaza waya mrefu juu ya nguzo, wakagonga ujumbe kwa alama za Morse. Somo lao lilikuwa wazi: anayetaka kufika mbali kwa nguvu kidogo arefushe antena na asimame.

Mwaka 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, na katika miaka iliyofuata ikaenea katika idara za serikali, misheni na mbuga za Afrika Mashariki. Bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Hapa kuna jambo ambalo bado huwashangaza wanaonunua antena za kubandika kwa sumaku: alumini hairudishi mvuto wa sumaku. Antena iliyoganda vizuri juu ya paa la chuma la Land Cruiser huteleza na kuanguka juu ya Land Rover ya zamani. Hata hivyo alumini hupitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo ni kioo chema cha mawimbi. Mwenye Land Rover hana budi kutoboa tundu au kutumia kishikizo cha bolti, kisha akwangue rangi ili chuma kiguse chuma. Rangi isipokwanguliwa, antena inakuwa imekaa juu ya gari bila kuunganishwa nalo.

Katika miaka hiyohiyo simu ya upepo ilikuwa uti wa mgongo wa huduma mbili mashuhuri za ukanda huu. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, na ambayo baadaye tuliyajua kama Safari Rally, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika njia ambazo hazikuwa na simu kwa kilometa nyingi. Mwaka 1957 nayo huduma ya Madaktari Warukao ilianzishwa Nairobi na Michael Wood na wenzake, na baadaye mtandao wa redio za HF uliunganisha hospitali za mbali na uwanja wa ndege wa Wilson. Muuguzi aliyebonyeza kitufe na kueleza hali ya mgonjwa alikuwa amepata kile polisi wa Detroit alichokikosa: nafasi ya kujibiwa na kujibu.

Julai 1994

Hakuna mahali ambapo hoja zangu mbili zinakutana kama Goma. Katikati ya Julai 1994, ndani ya siku chache, karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Zaire. Walikalia ardhi ya mawe ya volkano, ambamo hata kuchimba kaburi kulikuwa kugumu. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Kambi ya Kibumba haikuwa na maji, ikategemea malori ya matangi. Katale ilikuwa mbali zaidi, kwenye barabara ya Rutshuru.

Msafara wa maji au dawa uliotoka Goma kwenda kaskazini ulipita kando ya Nyiragongo. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mlima huyakata. Tufanye hesabu: antena mbili zilizo mita 2 kutoka ardhini, katika uwanda ulio sawa, huonana kwa takriban kilometa 12, kisha mzingo wa dunia unazificha. Kilima kikiingia kati, hata kilometa 3 zinaweza kuwa nyingi. Kwa hiyo VHF ilihitaji kituo cha kurudia mawimbi kilichowekwa juu ya mwinuko. Antena iliyo mita 100 juu ya uwanda huonana na gari kwa kilometa 47 hivi, pasipo kizuizi. Kijiti kifupi juu ya paa kinaweza kufanya kazi kubwa iwapo kijiti kingine kiko mlimani.

Kwa safari ndefu mashirika yalitegemea HF. Mawimbi haya hupanda angani, hugonga tabaka la juu lililojaa chaji za umeme, hurudi chini mbali na yalikotoka. Kwa njia hiyo gari lililokwama njiani liliweza kuzungumza na Nairobi, takriban kilometa 850 kwa mstari wa moja kwa moja, huku likishindwa kuisikia ofisi iliyo kilometa 80. Si muujiza: kati ya mahali wimbi la ardhini linapokoma na mahali wimbi la angani linapotua kuna ukanda wa kimya. Waendeshaji wazoefu walijua dawa yake. Waliteremka kwenye masafa ya chini zaidi, wakaikunja antena ndefu ilale nyuma juu ya gari, wakaifunga kwa kamba. Antena iliyolala hupeleka mawimbi juu kabisa, nayo hurudi karibu, kama maji ya bomba lililoelekezwa angani. Wengi walioyaona magari meupe yenye kijiti kilichopindwa walidhani dereva anakilinda kisigonge matawi. Mara nyingine ilikuwa hivyo. Mara nyingine alikuwa anatafuta sauti ya jirani.

Kwa kuwa mita 15 haziwezekani, antena ya HF ya gari hufupishwa kuwa mita 2 au 3, na upungufu huo hulipwa kwa koili ya waya iliyo ndani ya kitako chake. Malipo hayo hayatoshi kamwe. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea kama joto, hasa gari likiwa halijaunganishwa vizuri na kitako. Ndiyo maana mafundi walifunga mikanda mipana ya shaba kati ya bampa, boneti na chesisi. Juu ya mawe makavu ya volkano ambayo hayapitishi umeme vizuri, bodi ya gari ndiyo iliyokuwa ardhi pekee ya kutegemewa.

Na hapa inakuja hoja ya pili. Mwaka mmoja kabla, 1993, kituo cha RTLM kilikuwa kimeanza kutangaza nchini Rwanda. Wasomi wameandika mengi kuhusu chuki iliyopita katika mawimbi yake. Redio ya matangazo ni mdomo mmoja na masikio mengi. Ikisema uongo, masikio hayana kitufe cha kubonyeza. Sidai kwamba simu ya upepo ni chombo kitakatifu. Majeshi na makundi ya waasi wa ukanda huu wameitumia pia, na wito wa kuua hupita hewani sawa na wito wa kuokoa. Ninachodai ni kwamba chombo chenye njia mbili kina nafasi ya swali. "Rudia. Maji yamefika lita ngapi? Daraja limekatika upande gani?" Dereva aliyeweza kuulizwa na kusahihisha alikuwa shahidi, si sikio tu.

Paa, bampa au boneti

Uzoefu wa miaka hiyo umeacha kanuni ambazo fundi wa Kampala, Kigali au Bunia huzifuata hata leo, na ambazo zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa kama historia kuliko kama orodha ya maagizo.

Katikati ya paa ndipo mahali bora kwa antena fupi ya VHF, kwa sababu bati limeizunguka pande zote na sauti huenda sawa kila upande. Ikifungwa kwenye kona ya mbele, mawimbi huelekea zaidi upande ambako gari lina mwili mwingi, yaani nyuma kwa mshazari. Lakini magari ya porini hubeba keria, na keria hubeba madebe, turubai na tairi la akiba. Antena iliyozungukwa na vyuma hivyo huwa kama msemaji aliyesimama nyuma ya pazia. Kishikizo cha boneti au cha mfereji wa paa kikawa suluhu ya kati: si bora, ila hakigongi matawi na kinafikika.

Antena ya HF ni nzito, na kila shimo la barabara huitikisa. Paa jembamba hupasuka. Kwa hiyo ilihamia kwenye bampa ya mbele, juu ya springi, kwa kishikizo cha chuma kinene. Dereva aambiwe pia kwamba wakati wa kusema ncha ya antena hiyo hubeba umeme wa volti nyingi unaoweza kuunguza mkono wa mtoto aliyekuja kuishangaa.

Watu wengi hununua antena ndefu ya VHF wakiamini kwamba ndefu ni bora. Katika nyika ya Karamoja inaweza kuwa kweli, maana antena ya namna hiyo hubana mawimbi yaende karibu na upeo wa macho. Katika vilima vya Kabale au Rwanda mbano huohuo ni hasara: kituo cha kurudia kiko juu, gari liko bondeni limeinama, na mawimbi yaliyobanwa hupita chini yake. Kijiti kifupi cha robo wimbi, kinachorusha sauti hata juu, hushinda. Ardhi ndiyo inayochagua antena.

Mwisho, kebo. Redio nyingi hazikufa kwa risasi wala kwa uzee, bali kwa maji yaliyoingia kwenye kiungio. Kebo ikiharibika, nguvu iliyokusudiwa kutoka hurudi kwenye redio na kuiunguza. Kipimo kidogo kinachoonyesha nguvu inayorudi kilikuwa, na bado ni, chombo chenye thamani kuliko redio ya akiba.

Hitimisho

Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995, MTN ikafuata mwaka 1998, na wengi wetu tumekua tukidhani kwamba mawasiliano ni jambo la salio na chaji. Lakini simu ya mkononi nayo hutegemea antena ya mtu mwingine, iliyosimamishwa mahali alipoamua yeye. Mnara ukizimwa au ukikosa mafuta, maelfu hunyamaza pamoja. Gari lenye kijiti chake hubeba njia yake lenyewe, na ndiyo sababu bado tunayaona magari ya mbuga na ya misaada yakipita na vijiti viwili, kimoja kifupi cha jirani na kimoja kirefu cha mbali.

Kuanzia silinda la Marconi lililolazwa barabarani hadi antena iliyopindwa kwa kamba huko Goma, hadithi ni ile ya watu waliojaribu kupatanisha mawimbi na mashimo ya barabara, na kila mara walilipa kitu. Wanafunzi wa historia wanapoitafuta nguvu katika ukanda wetu, wamezoea kuitafuta kwenye studio, kwenye hotuba na kwenye magazeti. Nashauri watazame pia juu ya magari: kijiti kimefungwa wapi, kinaelekea kwa nani, na je, aliye upande wa pili ana njia ya kujibu?